Kutoka Batsinda hadi Ziwa Kivu
Kiangazi kikifika, mimi na mume wangu hutoka Batsinda, mtaa wa Kigali, alfajiri, tukapanda basi katika kituo cha Nyabugogo kwenda Rubavu, mji unaopakana na Goma. Huko, Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa kabisa hukaribia mita 480. Ufukweni tunaagiza sambaza wa kukaanga, wembamba, wakavu, wenye pilipili na ndimu. Samaki hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni wavuvi huondoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba. Usiku taa zao huwavuta sambaza. Kwingine, pwani ya bahari, kuna minara ya taa. Sisi wa ziwani tunazo taa hizi za wavuvi. Wapenzi wasomaji, nendeni mkazione.