Korongo taji wa Ol Bolossat: jinsi ya kumtazama bila kumfukuza

Ziwa Ol Bolossat ndilo ziwa la pekee la asili katika eneo la kati mwa Kenya. Maji yake hutiririka kuingia Mto Ewaso Narok, ule unaoporomoka Nyahururu kwenye Maporomoko ya Thomson. Katika vinamasi vinavyolizunguka huishi korongo taji, ndege ambaye wazee wengi wa Nyandarua walimwona kwa wingi walipokuwa watoto, lakini ambaye sasa ni adimu kiasi kwamba tangu mwaka wa 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kuangamia.

Jinsi ya kumtambua

Korongo taji husimama kimo cha karibu mita moja. Mwili wake ni wa kijivu, mashavu ni meupe, na chini ya koo ana kishungi chekundu. Kichwani ana taji la manyoya magumu ya rangi ya dhahabu. Akiruka, mabawa yake huonyesha sehemu kubwa nyeupe. Huyu ndiye ndege aliye kwenye bendera ya Uganda.

Mchana hutembea kwenye nyasi fupi na mashamba akitafuta mbegu, wadudu, minyoo na vyura. Usiku hulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wa jamii nyingine hawawezi, kwa kuwa hawana kidole kirefu cha nyuma cha kushikia tawi.

Wakati na namna ya kumtazama

Wakati mzuri ni asubuhi mapema, ndege wanapotoka mitini, na jioni wanaporejea. Anayetaka kuwatazama azingatie haya:

- Akae mbali, angalau mita 100, na atumie darubini ikiwa anayo.
- Asiende na mbwa, na asirushe mawe ili ndege waruke wapigwe picha.
- Ndege wakiacha kula na kuinua shingo wote kwa pamoja, wameshtuka. Arudi nyuma polepole.
- Asiingie kwenye matete. Humo ndimo kuna viota, na pia viboko. Viboko hutoka majini kwenda malishoni kuanzia jioni, kwa hivyo mtazamaji aondoke ukingoni kabla ya giza.

Kifaranga aliye peke yake hajaachwa

Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi. Hujenga kiota kwa nyasi na matete katikati ya kinamasi, na kwa kawaida jike hutaga mayai mawili hadi matatu. Wazazi hupokezana kuyaatamia kwa karibu mwezi mmoja. Vifaranga huanza kutembea mapema sana baada ya kuanguliwa na huwafuata wazazi wao, ilhali kuruka huchukua miezi miwili au zaidi.

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Mtu akikaribia, wazazi husogea na kifaranga hujibanza kwenye nyasi. Anayempata hudhani ni yatima, akambeba nyumbani kwa nia njema. Korongo aliyefugwa uani mara chache hupata mwenza wa kuzaa naye, na kinamasi huwa kimempoteza kabisa. Kifaranga aachwe papo hapo, na mtu aondoke upesi ili wazazi warudi. Aidha, kumfuga ndege huyu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013.

Mkulima na korongo

Korongo huwasaidia wakulima kwa kula wadudu shambani, lakini pia hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa karibuni. Malalamiko hayo ni ya kweli. Njia salama ni kulinda shamba kuanzia siku ya kupanda hadi miche ishike mizizi, hasa asubuhi na jioni. Kutega mbegu zenye sumu huua ndege wengine pia, na sumu hiyo huweza kusombwa na mvua hadi kwenye maji ambayo mifugo na watu hunywa.

Tishio kubwa zaidi ni kupotea kwa kinamasi chenyewe. Matete yakichomwa, mitaro ikichimbwa ili kukausha ardhi, au ng'ombe wakilishwa mahali penye viota, jozi hukosa pa kutagia. Ol Bolossat ilitangazwa rasmi kuwa ardhioevu inayolindwa mwaka wa 2018. Kinamasi hicho hicho ndicho huchuja matope na kuachilia maji kidogo kidogo wakati wa kiangazi, kwa hivyo anayekilinda kwa ajili ya korongo huwa analinda pia maji ya watu walio chini ya mto.

Mkazi akimpata korongo aliyejeruhiwa, aliyegonga nyaya za umeme, aliyefungiwa nyumbani au anayeuzwa, apige ripoti kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu au kwa chifu wa eneo lake. Ataje mahali, saa na idadi ya ndege.