Kupumua kwa Paka: Dalili za Hatari na Namna ya Kusaidia

Paka afugwaye nyumbani ana tabia ya kuficha maradhi. Anapougua hujitenga na kujikunyata chini ya kitanda au nyuma ya magunia, na wenye nyumba hudhani kuwa amelala. Kwa sababu hiyo matatizo ya kupumua hugunduliwa mara nyingi yakiwa yamekwisha kuwa makubwa. Hata hivyo, ipo njia ya kuyatambua mapema isiyohitaji chombo chochote ila saa.

Mtazamaji aangalie ubavu wa paka aliyelala. Kupanda na kushuka kwake mara moja ni pumzi moja. Pumzi zihesabiwe kwa nusu dakika, kisha jumla izidishwe kwa 2. Paka mzima mwenye afya hupumua mara 15 hadi 30 hivi kwa dakika. Zikizidi 40 hali ametulia, pana tatizo.

Dalili nyingine ni kunyoosha shingo, kutanua viwiko na tumbo kwenda kwa nguvu. Mbwa hutweta ili apunguze joto, lakini paka hafanyi hivyo ila kwa nadra. Akipumua kwa kinywa wazi, huenda yumo hatarini. Ufizi ukigeuka samawati, damu imepungukiwa oksijeni na hakuna muda wa kungoja.

Chanzo ni nini? Mapafu hayana misuli ya kujitanua. Hutanuliwa na kiwambo pamoja na misuli ya mbavu. Katika ugonjwa wa pumu, mirija ya hewa hubana. Katika baadhi ya maradhi ya moyo, maji hujaa baina ya mapafu na ukuta wa kifua, na mapafu hukosa nafasi ya kutanuka. Damu nayo yaweza kujaa hapo, iwapo paka amekula panya aliyekufa kwa sumu izuiayo damu kuganda.

Wengi hukosea katika kusaidia. Humkamata paka kwa nguvu, humlaza chali na kumnywesha maji au dawa. Mnyama anayepambana hutumia oksijeni nyingi zaidi, nayo ndiyo aliyopungukiwa. Dawa za binadamu ni hatari kubwa. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuondoa sumu ya parasetamoli, hivyo hemoglobini hubadilika isiweze kuchukua oksijeni. Kidonge kimoja tu chaweza kumwua.

Lifaalo ni kumwacha akae apendavyo, mahali penye ubaridi na utulivu, kisha kumpeleka bila kukawia kwa daktari wa mifugo ndani ya boksi lililotobolewa matundu.

Wanafunzi wenye paka wanaweza kuhesabu pumzi zake kwa siku 7 na kuziandika. Ajuaye hesabu ya paka wake akiwa mzima ndiye atakayetambua mapema siku itakapobadilika.