VIBARUA WA ANGANI

Wengi wetu tukisikia hadithi za kisayansi tunafikiria vita vya sayari na bunduki za miale. Mimi nasema hadithi tamu zaidi ni zile za watu wa kawaida wanaoishi huko juu: mpishi, mfagiaji na fundi wa mabomba. Kwa nini? Kwa sababu bila hao hakuna shujaa atakayedumu angani.

Hebu tutazame mambo yenyewe. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka dunia kikiwa juu kiasi cha kilomita 400. Watu wamekaa humo mfululizo tangu Novemba 2000. Wewe wadhani wanashinda wakitazama nyota? La hasha! Wao hurekebisha choo, husafisha vichujio vya hewa, na hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku ili mifupa na misuli isidhoofike. Hata mkojo na jasho husafishwa hadi yawe maji ya kunywa. Mtambo huo ukiharibika, fundi ndiye mkubwa!

Kudai haki nako kuko. Mwishoni mwa 1973, Wamarekani watatu walienda kukaa siku 84 katika kituo cha Skylab. Kazi ilipangwa dakika kwa dakika, wakachoka kabisa. Walizungumza na wakubwa wao waliokuwa duniani, na ratiba ikalegezwa. Kibarua yeyote wa kuchuma kahawa hapa Karurumo angewaelewa.

Tena usiseme ati hayo ni ya wageni tu. Desemba 12, 1970, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, Malindi. Ikaitwa Uhuru, maana Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru siku hiyo. Waitaliano walipapenda pale kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo zaidi. Lakini roketi haijirushi. Lazima kuwe na wa kuvuta nyaya, wa kuendesha mashua na wa kupika. Hao hadithi yao itaandikwa na nani?

Mwanachama mwenzangu, ukishika kalamu kuandika juu ya anga, jiulize maswali matatu: nani anapika, nani anatengeneza kilichoharibika, na nani analipwa? Ukiyajibu hayo, hadithi yako itasimama. Kazi ni kazi, iwe shambani au angani.