Likizo ya Juni: Vitabu Mkobani, Katavi Mbele

Shule zikifungwa mwezi wa Juni, familia zenye uwezo wa kusafiri huelekea Zanzibar au Arusha. Ni wachache wanaogeuza nyuso magharibi kwenda Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na ambao makao yake makuu ni Mpanda. Kwa familia ipendayo kutembea kwa miguu, kuona miji isiyo na haraka na kusoma jioni, sioni mahali panapoizidi Katavi. Ila kuna sharti moja: vitabu vinunuliwe kabla ya kufika.

Tuanze na hilo, maana ndilo husahauliwa. Katika miji kama Mpanda, duka la vitabu mara nyingi ni lile linalouza madaftari, kalamu na vitabu vya kiada. Anayetoka Dar es Salaam apitie Kariakoo kwenye maduka ya vitabu vya Kiislamu. Mkobani iwemo tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969. Kwa kijana, Kusadikika cha Shaaban Robert. Kwa mdogo, kitabu chochote chenye picha za wanyama atakaowaona. Kisha ongezeni nakala tatu au nne ambazo hazitarudi nyumbani. Imamu wa msikiti mtakaoswali Ijumaa, au mwalimu wa madrasa, atajua zinakohitajika. Mwacheni mtoto azikabidhi kwa mkono wake mwenyewe.

Njia ni mbili. Reli inatoka Tabora, inaachana na ile ya Kigoma pale Kaliua, na kuishia Mpanda. Ilijengwa zama za Waingereza ili kusafirisha madini ya risasi. Barabara nayo hupita Sikonge na Inyonga, takriban kilomita 340 kutoka Tabora, katikati ya miombo. Asali ya huko msiipite bila kununua.

Lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni Sitalike, kijiji kilicho kama kilomita 35 kusini mwa Mpanda. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Matembezi ya miguu hufanyika pamoja na askari mwenye silaha, na si ya watoto wadogo. Ulizeni mapema umri unaokubaliwa, na wadogo wabaki na mmoja wa wazazi kijijini, ambako viboko wa mto Katuma huonekana bila kwenda mbali.

Akina mama wazingatie jambo ambalo vitabu vya utalii haviwaambii: mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu. Mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Buibui jeusi ndani ya Katavi ni mwaliko. Vaeni vazi la sitara lililo pana, la rangi ya udongo au kaki, na mtandio wa namna hiyo.

Kadiri kiangazi kinavyokolea, kufikia Septemba na Oktoba, mto hupungua na mamia ya viboko hujazana kwenye madimbwi machache ya matope. Sehemu ya upungufu huo ni kiangazi chenyewe. Sehemu nyingine ni maji yanayochepushwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Mtoto aliyefundishwa madrasani kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza israfu ya maji hata penye mto utiririkao atauliza maswali mazito hapo. Jibuni bila kuwatukana wakulima, kwani nao wana watoto wa kulisha.

Mtasikia pia habari za Katabi, mwindaji ambaye roho yake inasemwa inakaa katika mkwaju karibu na ziwa Katavi, na ambaye huwekewa sadaka chini ya mti huo. Msikilizeni msimulizi kwa adabu. Mazungumzo ya tauhidi yasubiri jioni mkiwa wenyewe.

Kuhusu swala, Mpanda hadi Sitalike peke yake haifikii masafa ya kupunguza. Lakini aliyetoka Tabora au mbali zaidi, naye hakunuia kukaa Mpanda siku nne kamili bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, kwa madhehebu ya Shafii bado ni msafiri. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka.

Zikibaki siku mbili, nendeni Karema, zaidi ya kilomita 100 magharibi, ufukweni mwa ziwa Tanganyika. Wabelgiji walianzisha kituo chao hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikaingia mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki. Hizo zilikuwa zama za misafara ya watu wa pwani iliyopita Tabora na Ujiji ikibeba pembe na watumwa, na pamoja nayo Uislamu na Kiswahili vikasambaa bara. Kijana mkubwa aelezwe yote mawili, asifichwe lolote. Ondokeni Mpanda baada ya Alfajiri, mkibeba maji na chakula cha mchana.