Neno “Dini” Lapanda Mlima
Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliliacha neno dini pwani. Tuliona kwamba limetoka Kiarabu, na kwamba mzizi uliozaa dini ndio uliozaa deni: ndani yake mna kuwiwa, mna kutii, mna hesabu ya mwisho. Leo tupande nalo mlima hadi kwa Wameru na Waembu, ambako lilifika likakuta nyumba ina wenyewe.

Muulize mzee wa Tigania neno la Kimeru la dini. Atakujibu “ndini”, na huenda akacheka, maana amekurudishia Kiswahili chako mwenyewe. Embu ni vivyo hivyo. Si kwamba hawakuwa na Mungu. Murungu wa Wameru na Mungu wa Waswahili ni neno moja lililopita njia mbili. Ngai, anayetajwa Embu na Meru, kwa Wamaasai ni Enkai. Vitenzi navyo vilikuwapo: Mmeru huromba, Mwembu huvoya, na wote wawili wanaomba. Lililokosekana ni jina la kuvikusanya vitu hivyo na kuvitenga na maisha mengine. Sadaka chini ya mgumo, jando, kuomba mvua, kuwapatanisha waliogombania mpaka wa shamba: nani angekata kipande kimoja akakiita dini, kingine sheria, kingine siasa?

Mfano mzuri ni Mugwe wa Wameru. Kazi yake ilikuwa kubariki, na mkono wa kushoto, ule wenye baraka, aliuficha ndani ya vazi. Alikuwa kuhani? Mfalme? Bernardo Bernardi, mmisionari wa Consolata, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1959, na katika jina la kitabu alimwita nabii anayeshindwa. Kilipotolewa tena Nairobi mwaka 1989, nabii yule akawa anayebariki. Mtu ni yuleyule na mwandishi ni yuleyule. Nadhani hata msomi huyo aliona kwamba neno lake la kwanza lilimpima Mugwe kwa kipimo kisichokuwa chake.

Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakajenga Kaaga, Meru, mwaka 1912. Waliobatizwa waliitwa athomi, yaani wasomaji. Basi dini ikaja na kitabu, jina jipya na daftari la kanisa. Kwa kuwa kila misheni ilikuwa na eneo lake, dini ikawa pia jina la dhehebu. Hadi leo mtu wa hapa ukimuuliza yeye ni dini gani, hakwambii Mkristo. Anasema Methodisti, Katoliki au PCEA. Mwalimu wa Kiswahili atasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mimi simlaumu anayejibu hivyo, maana ndivyo neno lilivyomfikia. Wako pia waumini waitwao Kavonokia, wa Tharaka na Mbeere, wanaokataa dawa za hospitali. Jina lao linatokana na kuokoka, na waliookoka wengi, si wao tu, watakwambia kwamba wokovu si dini.

Lakini mahali neno hili lilipoleta kazi kubwa ni Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru lenye makao yake Nchiru. Kuingia Njuri kuna kiapo na kafara. Je, hiyo ni dini? Ikiwa ni dini, Mkristo akiingia amekuwa na dini mbili. Ikiwa ni mila, anaingia bila kutoka kanisani. Katika miaka ya 1930 mkuu wa wilaya H. E. Lambert alilitaka baraza hilo liwe na nguvu, na athomi nao wawemo. Njia iliyopatikana ilikuwa kukirekebisha kiapo ili Mkristo aweze kukila. Tazama maarifa yaliyomo: baraza lilibaki palepale, ila upande mmoja wake ukasogezwa kutoka dini hadi mila. Ubishi haujaisha, bado wapo wahubiri wanaosema kafara ni kafara, hata uipe jina gani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina mgawanyo huohuo. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya Serikali. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na cha 159 kinazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Kwa hiyo wazee wa Nchiru wanaingia katika sheria ya nchi kwa mlango wa utamaduni. Wangepitia mlango wa dini wangebaki nje.

Sensa ya mwaka 2019 ilimtaka kila Mkenya ataje dini moja. Zaidi ya watu 300,000 walihesabiwa kuwa wa dini za jadi. Mzee wa Njuri anayekwenda kanisani kila Jumapili, bila shaka, aliandikwa Mkristo.

Wiki ijayo tutalitazama neno “imani”, ambalo huko Embu lina visa vyake.