Aache Mpira Asome?

Kamati ya parokia inapopokea matokeo ya kijana inayemsomesha chuo kikuu na kukuta ana masomo ya kurudia, ushauri wa kwanza huwa uleule: aache mpira, akae asome. Nia ni njema, lakini mara nyingi tatizo haliko hapo.

Wapo wanaosoma usiku kucha, kisha ndani ya chumba cha mtihani mikono inatetemeka na yote yanafutika. Huo ni wasiwasi, na kwa kijana anayesomeshwa kwa michango ya jumuiya una uzito wa ziada. Akifeli, atawaambia nini waliochanga?

Mwili wenye hofu humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, usingizi ukapotea. Akili nayo ina nafasi finyu ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Hofu ikiijaza, swali la mtihani linakosa pa kukaa. Hofu kidogo si mbaya. Mwaka 1908 Wamarekani Robert Yerkes na John Dodson waliona kwamba panya waliopigwa shoti ya kiasi walijifunza kazi ngumu upesi kuliko waliopigwa shoti kali.

Mazoezi huuzoesha mwili mapigo ya haraka yasiyo na hatari, hulegeza misuli na kuleta usingizi, ambao ndio husaidia yaliyosomwa mchana yakae kichwani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea haraka nusu saa kwa siku tano kunatosha. Sekondari kijana alikuwa na mchakamchaka wa alfajiri, hata kama hakuupenda. Chuoni hakuna kengele wala mwalimu wa zamu.

Tusizidishe, hata hivyo. Mazoezi hayampi mtu alama asizozisomea. Na kijana asiyekula, au anayesema maisha hayana maana, apelekwe kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, asiambiwe akimbie.

Tunaziomba kamati ziulize habari za usingizi na mazoezi kabla ya kuuliza alama. Kwa wasichana, ziulize pia kama wana wenzao wa kutembea nao jioni. Wafadhili nao waruhusu jozi moja ya raba katika bajeti, pamoja na ada na malazi. Tumeshaona ikikatwa kwa kuitwa anasa.