Nani Huhesabiwa Hana Ajira?

Kwa wachumi, si kila asiye na kazi huhesabiwa kuwa hana ajira. Mwanafunzi aliye darasani, mzee aliyestaafu na mama anayelea watoto nyumbani pasipo kutafuta kibarua huwekwa kando kabisa, nje ya nguvu kazi. Kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1982, katika mkutano wa wanatakwimu wa kazi chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), kina masharti matatu: mtu awe hakufanya kazi yoyote ya kipato katika kipindi kinachoulizwa, awe tayari kuanza kazi ikipatikana, na awe amehangaika kuitafuta. Sharti moja likikosekana, anahamia kundi jingine.

Masharti hayo hupimwa barazani kwa watu. Kama zilivyo nchi nyingi, Tanzania na Kenya huchagua kaya kwa sampuli, kisha wadadisi huzipitia moja moja wakiwa na dodoso, ambalo siku hizi aghalabu limo ndani ya kishikwambi. Mdadisi mzuri hamuulizi mtu kama ana kazi, maana wengi hujibu hapana ilhali mikono yao imejaa unga. Huuliza kama katika siku saba zilizopita alifanya shughuli yoyote ya malipo au ya biashara, japo kwa saa moja. Saa moja inatosha. Msichana mwenye shahada anayeamka alfajiri kumsaidia shangazi yake kukaanga maandazi ya kuuza huandikwa kuwa ana ajira, hata kama mwenyewe angesema yuko nyumbani tu. Kizingiti kiliwekwa chini hivyo ili kazi yoyote inayochangia pato la taifa isipotee katika hesabu, na kwa kusudi hilo kinafaa. Kwa kupima unafuu wa maisha hakifai.

Kiwango chenyewe hupatikana kwa kugawanya idadi ya wasio na ajira kwa nguvu kazi yote, yaani wenye ajira pamoja na wanaoitafuta. Tuseme kijiji kina watu 500 wa umri wa miaka 15 na kuendelea: 360 wanafanya kazi, 40 wanatafuta, na 100 wako nje ya nguvu kazi. Kiwango ni 40 kwa 400, sawa na asilimia 10. Sasa nusu ya wale 40 wanachoka kuzungusha bahasha na kuacha kutafuta. Nguvu kazi inashuka hadi 380, wasio na ajira wanabaki 20, na kiwango kinaporomoka hadi asilimia 5 na ushei. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi.

Ndiyo maana waliokata tamaa hawawezi kuachwa gizani. Afrika Kusini hutoa takwimu mbili kwa pamoja: ile rasmi, ambayo miaka ya karibuni imezidi asilimia 30, na ile pana inayowajumuisha waliokata tamaa, ambayo imevuka asilimia 40. Tanzania nayo ina fasili ya kitaifa inayowahesabu walio tayari kufanya kazi hata kama hawakuitafuta. Marekani, inayohoji kaya zipatazo 60,000 kila mwezi, huchapisha vipimo sita.

Pale ambapo hakuna posho ya wasio na ajira, kukaa bure ni jambo ambalo maskini hawezi kulimudu; atasukuma mkokoteni, atatembeza karanga. Kwa hiyo kipimo kinachosema zaidi ni kile cha upungufu wa ajira, yaani watu wanaofanya kazi saa chache huku wakitaka zaidi. Utafiti wa Kenya wa 2015/16 uliwakuta wasio na ajira wakiwa asilimia 7.4, ila wenye upungufu wa ajira walifika asilimia 20.4. Mwaka 2013 ILO ilipitisha badiliko zito zaidi: anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake anafanya kazi, ila hahesabiwi tena kuwa ana ajira. Badiliko hilo linawagusa mamilioni ya wakulima wa jembe la mkono.

Wachumi pia huainisha ukosefu wa ajira kwa chanzo chake. Upo wa mpito, wa mtu aliyeacha kazi moja na hajapata nyingine. Huu haukosekani hata uchumi ukinawiri. Upo wa msimu, kama katika hoteli za pwani ya Zanzibar, ambako masika yakianza watalii hupungua na baadhi ya wahudumu hurudi makwao. Upo wa mzunguko wa uchumi, unaozuka matumizi yanapopungua kila mahali, kama Marekani mwaka 1933, ambapo karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na ajira. Mchumi John Maynard Keynes alitetea kwamba hali ya namna hiyo huhitaji serikali kuongeza matumizi.

Mgumu kuliko yote ni wa kimuundo. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha mkonge upatao tani 230,000, na mashamba ya Tanga yalijaa manamba waliotoka mbali. Kamba za nailoni zikateka soko, bei ikaanguka, na matatizo ya uendeshaji baada ya utaifishaji wa mashamba yakaongeza mzigo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Mkata mkonge hakuwa akingoja msimu wala uchumi wa dunia uchangamke. Soko la ujuzi wake lilikuwa limesinyaa, na alichohitaji ni ujuzi mwingine, mtaji, au nauli ya kwenda kwenye kazi nyingine.